Gari la Kwanza: Hitaji au Sifa?



Rafiki yangu kaanza kazi juzi tu, anataka Toyota Crown iliyotumika. "Frateri, kwani ni dhambi?" Hapana. Mt. Thomas wa Akwino anafundisha kwamba mali ni nyenzo ya kufikia lengo. Ubaya huanza tunapovuka kipimo.

Kipimo ni kipi? Luka 14:28 inatukumbusha kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara. Bei ni mwanzo tu: kuna mafuta, bima, matairi, fundi. Ukikosa ada ya mdogo wako ili gari litembee, basi hujalinunua. Lenyewe limekununua wewe.

Nikamwuliza: "Ungelitaka hata kama hakuna anayekuona?" Akanyamaza.

Na wewe, jiulize leo kwenye sala.