Vishushe Viatu Msumarini

Mpwa wangu, mama yako ameniambia viatu vyako vya mpira vinaning'inia msumarini tangu upate kazi benki. Unatoka alfajiri, unarudi usiku umechoka. Nakuelewa, nami yalinikuta.

Nilipoajiriwa wizarani nilikuwa karani wa masjala. Miaka miwili watu walijua mafaili yangu, jina hawakulijua. Ikaja SHIMIWI, ile michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, nikatiwa timu ya kamba kwa sababu ya uzito wangu tu. Tulikuwa wanane. Mbele yangu mkurugenzi, nyuma yangu dereva. Kwenye kamba, mjomba, hakuna anayevuta kwa cheo: kisigino kinachimba ardhi, mgongo unalala nyuma, mnavuta kwa pumzi moja, mmoja akilegea, wote mnakokotwa. Viganja vilinichubuka hata wiki nzima nikawa nashika kalamu kwa ncha za vidole. Kupanda cheo sikupandishwa kwa ajili ya kamba, wala wewe usicheze ili kujipendekeza kwa bosi, wenzako watakuona. Lakini tangu siku ile, faili likikwama ghorofa ya tatu nilikuwa na mtu wa kumpigia hodi, naye alijua mimi siachii.

Kosa nililifanya baadaye. Nilipopata ofisi yangu mwenyewe nikajiona mtu mzima, mazoezi nikayaacha miaka saba. Presha ikaniingia kimya kimya, siumwi popote, nikaja kuigundua siku niliyokwenda kupima kitu kingine. Daktari alinipa vidonge, akanisisitiza nitembee. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa, siku tano! Mimi nilikuwa nikipoteza zaidi ya hizo kwenye chai ya saa nne.

Ila usirudi uwanjani kwa pupa. Mwili uliokaa kitini mwaka mzima hauijui tena ile kasi yako ya sekondari, na kifundo kikiteguka utakwenda kaunta unachechemea. Anza na kukimbia polepole. Jumapili kile kikundi cha jogingi hupita mtaani kwenu saa kumi na mbili asubuhi, kinaimba. Nitakuwa nacho, nyuma kabisa pamoja na wazee. Nikifika kwenu nitagonga dirisha lako.