Je, Kuuliza Watu ni Kukosa Imani?

Jumapili iliyopita mchungaji alipofungua Yeremia 32, mimi niliinamisha kichwa pale kwenye benchi, kwa maana neno lilikuwa langu.

Wengi mnanijua kama mzee wa kanisa anayekuja kwa miguu kutoka Kawangware, Gatina, mahali ninapolipa kodi kila tarehe tano. Wachache wanajua kwamba nilikuwa na nyumba yangu Kibera, pale Lindi. Ilikuwa ya udongo na mabati, vyumba vinane: viwili tuliishi sisi, sita tulikodisha.

Jioni moja alikuja mtu mwenye pesa. Aliniambia, "Mzee, tusiite watu. Mabroka watakula jasho lako bure." Wakati huo karo ya shule ilikuwa imenilemea na nilikuwa nimefunga siku tatu nikiomba. Nikasema moyoni, huu ni mlango Mungu amefungua, nikianza kuuliza watu watanivunja moyo. Tukakubaliana shilingi 300,000. Tukaandika kwenye karatasi moja ya daftari, akaondoka nayo. Alinipa 150,000, nyingine akaahidi mwisho wa mwezi. Nami nikampa funguo.

Mama watoto alikuwa ushago kumuuguza mamake. Nilihamisha vitu Gatina nikimngojea nimpe habari njema. Lakini alirudi mapema, akaenda moja kwa moja Lindi, akakuta kufuli ngeni mlangoni. Aliponipata hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Uliuliza nani?"

Nikamjibu, "Nilimuuliza Mungu." Akanyamaza.

Salio halikuja hadi leo. Nilipoenda kwa chifu kulalamika, swali la kwanza lilikuwa, karatasi iko wapi? Shahidi ni nani? Sikuwa na karatasi wala shahidi.

Sasa tumtazame Yeremia. Yeye alisikia sauti ya Mungu wazi kabisa kwamba anunue shamba la Hanameli, mwana wa ami yake, kule Anathothi. Alikuwa kifungoni, na Wababeli walikuwa wameuzingira mji. Kama kuna mtu angeweza kusema "Mungu amesema, yatosha," ni huyo. Hata hivyo alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, kisha akampa Baruku nakala mbili azihifadhi ndani ya chombo cha udongo. Boazi naye aliketi langoni na wazee kumi. Ibrahimu alipopewa shamba la Makpela kana kwamba ni zawadi, alikataa, akapima shekeli 400 mbele ya watu wote. Hawa si watu wa imani haba. Kwao shahidi hakuwa adui wa imani.

Mtu ataniambia, "Lakini washauri wengine ni wezi." Ni kweli. Broka analipwa ukiuza, hivyo hatakuambia usiuze. Wakili aliyeletwa na mnunuzi ni wa mnunuzi, hata akikuita mzazi. Ndiyo maana kabla ya kupokea ushauri uliza, huyu atapata nini nikisema ndiyo? Tafuta angalau mmoja asiyepata kitu.

Jirani yangu hangepata kitu, na angenifanyia hesabu ya dakika moja. Vyumba sita kwa 2,500 ni 15,000 kwa mwezi. Bei yote niliyokubali ilikuwa kodi ya miezi 20. Nilichopokea ni kodi ya miezi 10. Niliuza nyumba ya miaka mingi kwa kodi isiyofika mwaka.

Wazee wa kijiji wangenikumbusha kwamba Kibera sehemu kubwa ni ardhi ya serikali. Unachouza ni jengo, si udongo, na kinga yako ni mashahidi. Hata mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo. Tuliona Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipopita, nyumba na shule zikabomolewa. Mkristo hamfichi mwenzake jambo kama hilo.

Na ninyi wa Kawangware wenye ploti za hatimiliki, wakili wenu wenyewe angewaambia kwamba mkataba wa ardhi lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Angewaambia pia kwamba Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila mwenzako kukubali. Na kuna kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, ingawa nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza inaweza kusamehewa. Usipouliza, utayajua hayo pesa ikiwa imeshaisha.

Lakini shida yangu haikuwa kukosa habari. Nikijichunguza mbele za Mungu, nilijua jirani angesema bei ni ndogo. Nilijua mke wangu angekataa. Niliogopa hata kanisa lisikie, nisije nikaulizwa fungu la kumi. Sikuuliza kwa sababu majibu nilikuwa nayo tayari, na sikuyataka. Hofu yangu na haraka yangu niliziita imani, nikaziwekea jina la Mungu juu. Hiyo ndiyo dhambi niliyotubu, kuliko hata hasara.

Basi ndugu, ukiona unataka kuuza na hutaki fulani ajue, anza na huyo fulani. Kama mlango ni wa Mungu, hautafungwa na swali la mke wako. Na kama unafungwa na swali moja tu, shukuru ulifungwa kabla hujatoa funguo.

Mama watoto alinisamehe, ingawa ilichukua muda. Nilipotaka kuandika haya nilimpa ayasome kwanza. Safari hii niliuliza.