Skrubu Iliyoliwa Kichwa



Siku hizi mjini kwetu Morogoro si kila kabati hutoka kwa seremala likiwa tayari. Mengine huja ndani ya boksi, mbao zake zimelazwa bapa na skrubu zimetiwa katika kimfuko, na kazi ya kuunga huachiwa mwenye nyumba. Jioni huonekana kabati linalotikisika, lenye skrubu tatu nne zilizoliwa vichwa, zisizokwenda mbele wala kurudi nyuma. Ndipo husikika neno hili: "Skrubu zenyewe mbovu." Leo tulipime neno hilo. Kitu kikikataa kugeuka, kosa ni la nani?

Kwanza tujifunze kwa mafundi. Skrubu nyingi zina alama ya msalaba kichwani, namna iliyoenezwa na Mmarekani Henry Phillips, aliyepata hati za uvumbuzi mwaka 1936. Kuta za tundu hilo zimeinama kidogo, hivyo bisibisi ikizungushwa kwa nguvu nyingi hupanda na kuchomoka, na kila ichomokapo hula chuma kidogo. Tena nyingi zitokazo Ulaya zina mistari minne midogo kati ya mikono ya msalaba. Hizo zina bisibisi yake mbali, ingawa kwa macho ya haraka zote ni za nyota. Basi mwenye kutumia bisibisi isiyolingana huiharibu hata skrubu nzuri.

Fundi mwenye busara huchagua bisibisi inayojaa tundu bila kucheza. Hutangulia kutoboa mbao kwa keekee nyembamba, na ikiwa ngumu kama mninga, huipaka skrubu sabuni. Huzianza zote bila kuzikaza, ili mbao zikae sawa kwanza. Na bisibisi ikiteleza, husimama akatazama. Maana mara nyingi si mtelezo wa kwanza unaoiharibu skrubu. Huiharibu yule anayekasirika kwa mtelezo huo akaongeza nguvu palepale.

Je, sivyo tunavyotendeana? Mtoto hakuelewa, nasi twapaza sauti. Kijana ameacha kuja ibadani, nasi twatangaza makosa yake mbele ya watu. Asipogeuka twasema ni mbovu. Hatukuuliza kama neno letu lilimwingia, au lilimkwaruza tu.

Milima yetu ya Uluguru yalijua hayo zamani. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia haikuwa mbaya, maana udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua kweli. Lakini mahali pengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na kuchimba kulileta juu udongo usiozaa. Watu walipokataa, walibanwa zaidi. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Lakini kule Mgeta, ambako mboga hustawi, matuta ya ngazi yanalimwa hata leo. Kilichofaa mahali pamoja hakikufaa pengine, na kuongeza nguvu hakukukifanya kifae.

Mtu atasema: "Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Bila nguvu, nani ataonywa?" Neno la wazee ni kweli, lakini linasema juu ya wakati. Halisemi juu ya ukali. Wala hatusemi tuwe walegevu. Bisibisi iliyoshikwa kilegevu nayo huteleza. Fundi hukandamiza sana, kwa mkono ulionyooka, huku akizungusha polepole. Vivyo hivyo mzazi, mwalimu na mzee wa kanisa yawapasa kuwa karibu, imara na wanyofu, kisha kugeuza bila haraka. Uimara ni jambo moja, na ghadhabu ni jambo lingine.

Kweli zipo skrubu za chuma laini. Hata hivyo, chuma laini huhitaji mkono mwangalifu zaidi. Aliye dhaifu hatupi ruhusa ya kumvunja.

Na ile iliyokwisha kuliwa kichwa? Wengine huipiga nyundo ikazama, wakaipaka rangi. Kabati huonekana zima, lakini ndani mbao imechanika, na siku moja mlango utamwangukia mtoto. Fundi mwaminifu huweka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kati ya bisibisi na kichwa, ipate kushika, au huikamata kwa koleo akaitoa taratibu. Kazi hiyo ni ndefu kuliko kuipiga nyundo. Ndiyo kazi Mtume Paulo anayotuagiza katika Wagalatia, sura ya sita, anapotaka aliyeanguka arejezwe kwa upole, na anayemrejeza ajiangalie mwenyewe.

Basi, ndugu, kabla ya kusema "huyu hageuki," tutazame kwanza kilicho mkononi mwetu.

Bwana atupe mikono imara na mioyo ya upole. Amina.