Je, Kijana Akitaka Dalili Amekosa Adabu?

Twasikia kila siku malalamiko kuwa vijana wetu wa Nairobi, khasa wa mitaa ya Eastlands, huamini kila liwajialo katika simu zao. Malalamiko hayo ni ya kweli, na madhara yake tumeyaona. Tarehe 18 Novemba 2012 bomu liliripuka ndani ya matatu huko Eastleigh, likaua watu kadhaa. Kabla hajajulikana aliyelitega, makundi ya vijana yaliwavamia jirani zao Wasomali kwa mawe na kuwavunjia maduka. Mwaka huo huo Al-Shabaab walianza kutoa gazeti la Kiswahili, Gaidi Mtaani, lililoenea kwa mtandao, ndani yake mna aya zilizotengwa na yaliyozitangulia. Kijana wa kule aliamini uvumi wa njiani; huyu wa pili aliamini mtu asiyemjua hata jina.

Walakini, ni nani aliyewazoeza vijana wa Kiislamu kuamini hivyo? Katika vyuo vyetu, vya Pumwani kama vya Mombasa na Lamu, mara nyingi mtoto akiuliza, "Maalim, dalili ya jambo hili ni ipi?" huambiwa hana adabu. Twamfundisha miaka kumi kuwa mwenye kilemba na sauti nzuri haulizwi. Kisha humtokea katika simu mwenye kilemba kikubwa na sauti nzuri zaidi, nasi twastaajabu kuwa hakumwuliza!

Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuichungua khabari iletwayo na fasiki. Sayyidna Umar alizidi hapo. Abu Musa al-Ash'ari, sahaba mwadilifu, alibisha hodi kwake mara tatu, asijibiwe, akarudi zake. Alipoulizwa sababu, alisema kuwa ndivyo alivyomsikia Mtume (S.A.W.) akiamrisha. Umar hakutosheka, alimtaka shahidi. Abu Musa akaenda kwenye baraza ya Ansari hali ameingiwa na khofu, nao wakampa mdogo wao, Abu Said al-Khudri, akaenda kushuhudia. Basi ikiwa sahaba alitakwa shahidi kwa jambo la kubisha hodi, itakuwaje kwa mtu wa kwenye simu anenaye juu ya damu za watu?

Pengine utaambiwa kuwa mtoto si Umar. Ni kweli, wala hatusemi mtoto apime hadithi. Twataka tu azoee kuuliza: ni nani aliyesema, ameyatoa wapi, na yaliyokatwa kabla na baada yake ni yapi. Naye hawezi kulizoea hilo kwa simu tu ilhali chuoni amekatazwa.

Wako walimu wachao kuwa wakiulizwa dalili watakosa la kujibu. Imamu Malik aliulizwa masuala mengi, na mengi katika hayo alijibu kuwa hajui. Na watu wakaendelea kufunga safari kwenda Madina kumsikiliza.