Ukuta wa Kaskazini

Sisi mafundi wa huku Mchukwi tukijenga msikiti hatuhangaiki sana na kibla. Makka iko kaskazini yetu, imeegemea mashariki kidogo tu. Unaishika kaskazini kwa dira, unapiga vigingi, unavuta kamba, unapima pembe kwa tatu-nne-tano, na mihirabu inapata mahali pake. Kazi hii nimeifanya tangu ujana. Tukishapaua na kupiga lipu huwa najiuliza: ni nini hasa kinachoifanya nyumba hii iwe ya Mungu? Saruji ni ile ile tunayojengea maghala ya korosho.

Jibu nililo nalo limenijia kwa kufuatilia habari za Wayahudi. Mbale, mashariki mwa Uganda, wapo Waafrika wenzetu wanaosali wakielekea kaskazini kama sisi, ila wao wanaielekea Jerusalemu. Wanaitwa Abayudaya. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuliteka eneo lile, alijikita katika vitabu vya Musa, akatahiriwa yeye na wanawe, akajitangaza kuwa Myahudi. Alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake wakabaki na masinagogi yao vijijini na kwenye kilima cha Nabugoye.

Kisha akaja Idi Amin, akaipiga marufuku dini yao. Wengi wakaiacha. Waliobaki, mamia machache, wakawa wanasali kwa siri majumbani mwao. Kampala ilipoangukia mikononi mwa jeshi letu la Tanzania tarehe 11 Aprili 1979, jioni ile ile Wayahudi kote duniani walikuwa wanaingia katika Pasaka yao, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Jambo hili mimi siwezi kulipita kimya.

Miaka yote ile sinagogi lao lilikuwa wapi? Sheria yao haidai umbo maalumu la jengo. Inahitaji watu wazima kumi wa kusali jamaa, kabati la gombo za Taurati upande wa Jerusalemu, na mahali pa kuzisomea. Wanazuoni wao wa kale walihimiza pia nyumba ya kusalia iwe na madirisha. Nabugoye waliporudi, walirudi na watu na uelekeo wao.

Lipo sinagogi moja la kale ambalo fundi yeyote angetamani kuliona. Lilijengwa upya karibu mwaka 245 katika mji wa Dura-Europos, ukingoni mwa Frati, nchini Syria. Ukuta wake wa magharibi, ulio upande wa Jerusalemu, una kidaka kilichojengwa kwa ajili ya gombo, na kuta zimejaa picha za Musa na manabii. Miaka kama kumi tu baadaye askari wa Kirumi walilifukia kwa udongo ili kuimarisha ngome dhidi ya Waajemi. Udongo ule ndio uliozihifadhi picha mpaka wachimbaji walipozifikia mwaka 1932. Leo ziko makumbusho ya Damascus. Kidaka kile ukikiona utadhani mihirabu. Na Waislamu tunajua kwamba sisi wenyewe tuliielekea Jerusalemu mpaka mwaka wa pili wa Hijra.

Ninavyoamini, Mungu hahitaji nyumba. Ukuta ni kwa ajili yetu, ili mioyo mia moja igeuke upande mmoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana sikubali kamba ilegee hata kidogo: ukuta ukienda kombo, safu zote zinakwenda kombo, na watoto wa watoto wetu watasali hivyo hivyo.

Siku hizi naona vijiji vinachangishana kwa ajili ya vigae na mnara kabla ya msingi kukaa sawa. Nawaomba wazee wa kamati, Waislamu kwa Wakristo: anzeni na fundi mwenye dira, kisha mwende alfajiri mkawahesabu wanaokuja kusali. Pesa za vigae zitafuata baadaye.