Miwani ya Uhalisia Pepe na Haki ya Waliomo Chumbani

Swali ambalo watu huulizana madukani na majumbani juu ya miwani ya uhalisia pepe, ile miwani mizito ya kuchezea ifunikayo macho yote mawili na kumwonyesha mvaaji ulimwengu uliotungwa na kompyuta, aghalabu ni swali la bei na uzito na ubora wa picha. Lakini nyuma yake lipo jingine lililo la kale kuliko kompyuta yoyote, nalo ni kama yampasa mtu mwenye akili timamu kujitoa kwa khiari yake katika ulimwengu aliowekwa na Muumba wake, akaingia katika mwingine uliotengenezwa kwa ajili ya kumfurahisha, hata ikiwa ni kwa muda wa saa moja tu baada ya kazi. Wako wanaojibu upesi kwamba hiyo ni hadaa, na hadaa kama si haramu basi ni aibu. Na wako wanaojibu kwa wepesi uo huo kwamba mchezo ni mchezo. Nadhani makundi yote mawili yametazama pasipo, na rai ya lile la kwanza, ambayo ndiyo yenye heshima zaidi, yastahili kuchunguzwa taratibu.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal jinsi alivyoanza kuzishuku hisi zake mwenyewe. Jicho, ambalo ndilo lenye nguvu miongoni mwazo, hukitazama kivuli likakiona kimesimama, kumbe kinakwenda. Huitazama nyota likaiona sawa na dinari, ilhali hesabu za wanajimu zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Akili ikaketi katika kiti cha kadhi, ikazihukumu hisi kwa uwongo. Nazo hisi zikamrudia Imamu na kumuuliza ni nani aliyemhakikishia kwamba juu ya akili hapana hakimu mwingine, ambaye siku akijitokeza ataihukumu akili kama akili ilivyozihukumu hisi, maadam kila usiku huota ndoto akayasadiki ayaonayo hata aamkapo. Aliugua shaka hiyo karibu miezi miwili, na kwa ungamo lake mwenyewe haikuponywa na hoja, bali na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, katika tafakuri zake zilizochapishwa mwaka 1641, aliipitia njia iliyo karibu na hiyo, akamwaza shetani mjanja atumiaye nguvu zake zote kumlaghai.

Hofu ya mabwana hawa wawili ilikuwa hofu ya kudanganywa pasi na kujua, na hapo ndipo rai ya hadaa inapoanguka. Mchezaji wetu ameinunua miwani kwa fedha yake, amekaza mkanda wake kisogoni, ameisogeza meza ya chai asije akajigonga, na lau ungemgusa bega angekujibu kwa jina lako. Hakuna aliyemdanganya. Aliyataka anayoyaona, na ajua ni nini. Basi anayetaka kumlaumu na atafute hoja nyingine.

Hoja hiyo nyingine aliitoa mwanafalsafa Robert Nozick katika kitabu alichokichapisha Marekani mwaka 1974, alipowataka wasomaji wake wawaze mashine iwezayo kuuchochea ubongo wa mtu hata adhani anaandika riwaya kubwa, au anapata rafiki, au anasoma kitabu cha kuvutia, ilhali muda wote huo anaelea katika tangi akiwa amefungwa nyaya kichwani. Je, ungejifunga humo maisha yako yote? Nozick aliona kwamba wengi wetu tungekataa, na kwamba kukataa kwetu ni dalili kuwa hatutaki ladha ya mambo peke yake: twataka kuyatenda, twataka kuwa watu wa namna fulani, na twataka kuukabili ulimwengu wenyewe ulio nje ya kazi ya mikono ya binadamu. Mwanafalsafa mwenziwe David Chalmers amempinga katika kitabu chake cha mwaka 2022, akishikilia kwamba yatendekayo katika ulimwengu wa kompyuta ni matendo ya kweli, kwa kuwa humo mtu huchagua, huzungumza, hufanya urafiki na hujenga vitu ambavyo, ingawa vimeundwa kwa tarakimu, vipo.

Mimi humpa Chalmers nusu ya haki. Katika mchezo uitwao Beat Saber, ambamo mchezaji huipasua kwa panga za nuru michemraba inayomjia kwa mapigo ya muziki, jasho linalomtoka ni jasho, na moyo unaomdunda ni moyo wake mwenyewe. Asemaye kwamba mtu huyo hafanyi kitu na ajaribu kwa dakika kumi. Lakini katika mchezo wa Half-Life: Alyx, uliotolewa mwaka 2020 na kusifiwa mno na wajuzi, mtu hupita gizani akikabiliana na viumbe wa kutisha, na watu husema kwa nia njema kwamba hapo amejifunza ushujaa. Siamini. Wazee wa falsafa, tangu Aristotle, wamefundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kuitenda, ila ushujaa ni fadhila ya mtu aliye na kitu cha kupoteza. Nayo miwani, ambayo humrudishia uhai kila afapo, imekiondoa kile kinachoufanya uitwe ushujaa. Kinachobaki ni wepesi wa mkono na uzoefu wa kustahimili mshtuko, mambo mazuri kwa kadiri yake, nami sioni haja ya kuyaita kwa jina kubwa kuliko hilo.

Tukiyaacha ya vitabuni, jambo la kwanza limpatalo mvaaji mgeni si shaka ya kifalsafa hata kidogo. Ni kichefuchefu. Kila aliyewahi kusafiri kwa jahazi wakati wa kusi ajua jinsi abiria aliyejilaza ndani ya chombo anavyochafukwa na moyo, na ajua kwamba baharia humwita apande juu akautazame upeo wa bahari. Kwani kule ndani jicho laona mbao zilizotulia, na sikio la ndani, lenye maji yapimayo mizani ya mwili, lahisi chombo kikipanda na kushuka, mashahidi wawili wakawa wanatoa kauli mbili. Miwani hii imeupindua mgogoro huo huo: jicho lashuhudia kwamba wakimbia bondeni, sikio lashuhudia kwamba umesimama sebuleni. Mtaalamu Michel Treisman alitoa rai mwaka 1977 kwamba mwili, unapokuta hisi zake zimegombana hivyo, hudhani umekula sumu, nao hufanya lile ambalo mwili wenye busara hulifanya ukila sumu. Mafundi wamehangaika sana kuutuliza mgogoro huu. Wameiharakisha picha hata ibadilike mara 90 na zaidi kwa kila sekunde, wamepunguza ule ukawiaji mdogo baina ya kugeuza kichwa na kugeuka kwa picha, na katika michezo mingi wamemruhusu mtu kuhama kwa kuruka kutoka nukta hadi nukta badala ya kutembea. Kisha wachezaji wazoefu humshauri mgeni avae kwa dakika chache kila siku, mpaka mwili uache kulalamika.

Mabaharia nao huzoea, na hakuna aliyewalaumu kwa hilo. Ila baharia huuzoeza mwili wake jambo lililoko, yaani bahari itembeayo chini ya miguu yake. Mchezaji huuzoeza wake kuinyamazia habari ya mwendo ambao haupo. Sisemi kuwa ni dhambi. Nasema kwamba kabla ya akili kufika na hoja zake za Ghazali na za Nozick, kiwiliwili kimekwisha toa ushahidi, na ushahidi wake ni kwamba mtu mmoja anatakiwa awe mahali pawili.

Kutoka hapo ndipo naliona swali lenyewe, nalo ni swali la mtu kuwapo mahali alipo. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha huko Marekani chombo cha kwanza cha namna hii chenye kufuata mwendo wa kichwa, chombo kizito kilichoning'inizwa darini kwa chuma juu ya kichwa cha mvaaji, hata kikalinganishwa na upanga wa Damocles, ule wa hadithi ya kale uliotundikwa juu ya kichwa cha mtu. Na ingawa kilichoonekana humo kilikuwa mistari mitupu ya umbo la sanduku, nia ilikuwa ile ile ya leo, yaani kokote mtu ageukiako aikute picha. Sinema huchukua ukuta mmoja, na simu huchukua kiganja. Miwani ya leo huchukua pande zote, na kwa hiyo huimiliki ile sehemu ya nafsi ambayo wanazuoni wetu huiita hudhuri ya moyo, ambayo pasipo nayo hata sala hubaki kuwa kuinama na kuinuka.

Wala kumilikiwa huko si kuovu kwa dhati yake. Watafiti Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, katika hospitali ya Harborview mjini Seattle, waliwavisha miwani hii wagonjwa walioungua moto, ambao kusafishwa kwa majeraha yao ni adhabu isiyotulizwa barabara hata na dawa kali, wakawaingiza katika bonde la barafu ambamo kazi yao ni kurusha madonge ya theluji. Na wagonjwa wakaeleza kwamba maumivu yao yalipungua sana. Sababu waliyoitoa watafiti hao ni nyepesi kuifahamu: uchungu, ili uumize, huhitaji kusikilizwa na nafsi, na nafsi iliyoshughulishwa kotekote haina sikio la kuusikilizia. Sijui matumizi ya chombo hiki yaliyo na heshima kuliko hayo. Lakini nguvu izibayo sikio la majeruhi lisisikie jeraha ni ile ile izibayo sikio la baba lisisikie kikohozi cha mtoto katika chumba cha pili, na hapana fundi awezaye kuitengeneza ya kwanza bila ya pili.

Mchezo wenyewe si adui wa dini wala wa hikima. Al-Ghazali huyo huyo, katika kitabu chake kingine, Ihya, aliagiza kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri apumzike, kwa kuwa kumnyima mchezo na kumtwika elimu daima huufisha moyo wake. Ila tazama michezo tuliyorithi ilivyojengwa. Bao huchezwa barazani na watu wawili, na waliozunguka huwa wengi kuliko wachezaji. Wanakebehi, wanahesabu kete kwa macho, wanamkumbusha mchezaji kwamba mke wake amemtuma samaki na jua linakuchwa. Mchezaji wa bao aweza kuzama katika mchezo hata akasahau chakula, lakini uso wake umo mikononi mwa majirani. Mvaaji wa miwani amesimama katikati ya watu wake akipunga mikono hewani, nao wamuona ilhali yeye hawaoni, na sielewi ni adabu gani iwaamuruyo wamvumilie. Kweli, katika michezo ya miwani aweza kukutana na rafiki aliye nchi ya mbali, na kwa wana wetu waliotawanyika London na Muscat na Toronto hilo si jambo dogo. Lakini kikao hicho hununuliwa kwa kuwafungia mlango walio karibu.

Lipo pia suala la yule auzaye. Kampuni ya Facebook iliinunua Oculus, kampuni ya miwani hii, mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 2, na idara yake ya vyombo hivi ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 13 katika mwaka 2022 na zaidi ya bilioni 16 katika mwaka 2023. Mfanyabiashara avumiliaye hasara ya namna hiyo hauzi miwani. Anajiwekea nafasi mbele ya macho ya watu, akitumai kwamba siku moja nafasi hiyo itakuwa na kodi. Na baadhi ya miwani hizi zaweza kufuatilia mboni ya jicho, zikajua ilipotua na ilipokawia. Dini zetu zimetufundisha kwa muda mrefu kulilinda jicho, kwa sababu hutangaza matamanio ambayo ulimi umeyaficha. Sikutegemea kwamba itatupasa kulilinda dhidi ya mashine.

Juu ya watoto sitasema mengi: kampuni hiyo iliushusha umri wa chini kutoka miaka 13 hadi 10 mwaka 2023, kwa idhini ya mzazi, na mzazi mwenye hekima hatauchukua umri uliowekwa na muuzaji kuwa ni fatwa.

Kampuni ya Apple, ilipotoa miwani yake ya Vision Pro mwezi Februari 2024 kwa bei ya dola 3,499, iliweka upande wa nje kioo kinachowaonyesha waliopo macho ya mvaaji. Na macho hayo si yake hasa, ila ni sura ichorwayo na kompyuta kutokana na picha za uso wake zilizopigwa kabla. Kwangu hili ni ungamo. Watengenezaji wenyewe wametambua kwamba aliyeketi pembeni ana dai juu ya uso wa mwenzake, wakajaribu kumlipa kwa mchoro. Kwa hiyo anayeniuliza kama anunue chombo hiki kwa ajili ya mchezo, nami humuuliza nani atakayekuwamo chumbani saa hiyo. Akisema ni peke yake, kazi imekwisha, na hapana anayemngoja, sina la kumkataza isipokuwa bei. Akisema wamo wanawe na mama yao, humshauri awavishe wao kwanza, mmoja baada ya mwingine, jioni nzima, naye akae mkekani awasemeshe wasimsikie na awatazame wasimwone, kisha aamue.