Deni la Aliyetangulia

Msafiri apitaye Nyaishozi, katika Wilaya ya Karagwe, huona vibanja vya migomba na mibuni, na aweza kuuliza: kahawa hii yatunzwa na nani? Mara nyingi ni mikono ya mwanamke ipaliliayo, ichumayo na kuianika juani. Lakini ifikapo siku ya mzani katika chama cha msingi, au siku ya kuchagua viongozi, mara nyingi mikono hiyo haionekani tena.

Sheria za nchi yetu zimekwisha kufungua milango mingi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, katika shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, iliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi, sawasawa na mwanamume. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya jinsia yake au mimba. Mwaka 2021 Serikali iliwaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa kupata mimba warudi shuleni. Yote hayo ni mema. Lakini mlango ulio wazi haumfundishi mtu njia. Ni nani atakayemwonyesha kijana huyo kusoma daftari la hesabu, kupambanua kahawa njema na mbovu, na kusema mkutanoni bila hofu?

Wako wasemao: "Mimi nilipanda kwa jasho langu, wengine nao wapande kwa lao." Twawauliza: ni nani aliyewashika mkono walipoandika herufi ya kwanza? Hakuna fundi aliyejizalia ufundi wake. Basi kumwongoza aliye nyuma si sadaka ya kutolewa tupendapo, bali ni deni.

Barbro Johansson, Mswidi aliyefika Tanganyika mwaka 1946, alilielewa jambo hilo. Aliwafundisha wasichana huko Kashasha, katika nchi ya Buhaya. Hata alipokwisha kuwa mbunge, hakuona kwamba heshima hiyo yamtoa shuleni. Katika miaka ya 1960 alikuwa mkuu wa shule ya wasichana ya Tabora.

Lakini deni hili lina adui wake. Yuko mkubwa wa kazi amwambiaye binti, "Nitakupandisha," kisha adai malipo ya aibu. Sheria ya mwaka 2007 ya kupambana na rushwa yaliita tendo hilo kosa la jinai, na dhamiri ilikwisha kulihukumu zamani. Alama ya kumtambua mwongozi wa kweli ni hii: hamdai mwanafunzi wake chochote. Yeye alipokea kwa waliomtangulia, naye hulipa kwa wanaomfuata. Amdaiye mwanafunzi anyang'anya kisicho chake.

Yatupasa basi kuanza nyumbani. Baba aendapo kupima kahawa, aende pamoja na mkewe na binti yake, wasome wote stakabadhi ile moja. Mwenyekiti wa chama amkalishe mama mmoja karibu na karani, ajifunze kazi. Mkunga, seremala, mwalimu, kila mmoja ajiulize usiku wa leo: ni nani ajuaye kazi kwa sababu yangu? Asiye na jina la kutaja, deni lake bado lamngoja.